Nauli ya Kwenda Mulago

Mtu wa Mwakiro, upande wa Muyinga, akiambiwa na daktari kwamba saratani yake inataka mionzi, huanza kuhesabu mipaka. Wa kwanza ni Kobero, pale Burundi inapoishia na Tanzania inapoanzia kwa jina la Kabanga. Kisha ni Ngara, Biharamulo, Muleba na Bukoba, halafu mpaka wa pili pale Mutukula, Masaka, na mwisho Kampala. Iko njia fupi zaidi ya kupitia Rwanda, lakini mpaka ule umefungwa na kufunguliwa na kufungwa tena tangu 2015, na mgonjwa hawezi kupanga matibabu yake kwa kungojea taarifa ya habari ya redioni.

Kwa miaka mingi Burundi haikuwa na mashine ya mionzi hata moja. Ndiyo maana historia ya Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyojengwa juu ya kilima cha Mulago jijini Kampala, ni historia yetu pia, sisi tulio mbali na kilima hicho kwa mwendo wa siku nzima na zaidi. Taasisi ilifungua milango mwaka 1967, na sasa inakaribia kutimiza miaka 60. Maadhimisho yatakapofika, watu watawasifu madaktari na majengo, na watakuwa na haki. Mimi nataka kuifuata fedha: nani aliitoa, ilinunua nini, na kitu gani ilisahau kununua. Nikiifuata hivyo, kitu kilichosahaulika mara nyingi kuliko vyote ni nauli, kitanda na sahani ya chakula cha mgonjwa.

Fedha ya kwanza kabisa ilikuwa pauni 25. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, alifika Uganda mwaka 1946. Mwaka 1957, alipokuwa Mulago, mwenzake Hugh Trowell alimwita aje amtazame mtoto aliyevimba taya kila upande, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakujua ni ugonjwa gani. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani na kumwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Mwaka 1958 akachapisha makala kuhusu uvimbe huo, ambao leo unaitwa kwa jina lake, kisha akataka kujua unapatikana wapi na wapi haupatikani. Serikali ikampa pauni hizo 25. Alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto wagonjwa, akanunua stempu, akavituma kwenye hospitali za serikali na za misheni huku na huko Afrika, na kuuliza: je, mmewaona watoto wa namna hii? Majibu yalipofika, akayachomekea pini kwenye ramani ofisini kwake.

Mwishoni mwa 1961, yeye na madaktari wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford wakaelekea kusini. Safari yao ilikuwa ya maili 10,000 na ilichukua wiki kumi. Kila hospitali waliyofika waliuliza swali lilelile la vikaratasi. Walirudi wakijua kwamba uvimbe ule unafuata joto na mvua, na kwamba ukipanda milima unapungua hadi kutoweka.

Mwaka huohuo wa 1961, kabla ya safari, Burkitt alikuwa amezungumza katika hospitali moja ya London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwemo mtafiti kijana, Anthony Epstein. Epstein aliomba atumiwe vipande vya uvimbe kutoka Kampala, vikawa vinasafirishwa kwa ndege za usiku. Marekani ikampa dola 45,000 za utafiti. Mnamo Desemba 1963 ukungu uliizuia ndege kutua London, ikaelekezwa Manchester, na kipande kilipomfikia Epstein kimiminika chake kilikuwa kimechafuka kama kitu kilichooza. Alipokipima kwa darubini akakuta seli hai zikielea. Katika seli hizo, mwaka 1964, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakamwona kirusi, ambaye alikuwa wa kwanza kufungamanishwa na saratani ya binadamu.

Ninakaa hapa kwa makusudi. Nimesikia mara nyingi watu wa kwetu wakisema kwamba saratani ni ugonjwa wa matajiri, na kwamba bila mabilioni hakuna la kufanya. Mlango wa elimu hii yote ulifunguliwa kwa fedha ya stempu.

Na kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Kule Ulaya, mtoto mwenye uvimbe kama huo angepasuliwa au kupigwa mionzi. Kukata taya kuliwaharibu watoto sura bila kuwaponya, na mashine ya mionzi haikuwepo Uganda. Kwa kukosa hiyo mashine, Burkitt pale Mulago na Peter Clifford kule Nairobi wakaanza kujaribu dawa mpya za saratani zilizotolewa bure na watengenezaji na watafiti wa Marekani. Kwa baadhi ya watoto, dozi moja au mbili zilitosha. Uso uliokuwa umefura kama boga ulishuka ndani ya siku chache, na mama akamwona tena mwanawe. Basi taasisi hii ilitokana na mashine ambayo haikuwepo.

Habari hizo zilipofika Marekani, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya huko ikashirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere kufungua Kituo cha Matibabu ya Limfoma mwaka 1967. Hospitali mpya ya Mulago ilikuwa imefunguliwa 1962, kwa hiyo majengo ya hospitali ya zamani yalibaki tupu, na humo ndimo kituo kilipoingia. Daktari kijana wa Kimarekani, John Ziegler, alikiongoza. Mwaka 1969 kikaongezwa kituo cha pili, cha saratani za watu wazima kama ya ini na ile ya ngozi iitwayo Kaposi, na katika jambo hilo mkono wa Profesa Sebastian Kyalwazi, daktari bingwa wa upasuaji Mganda, ulikuwa mkubwa.

Katika yale majengo ya zamani lilifanyika jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la maana kuliko yote katika miaka ile. Wakubwa wa kituo walijua kwamba mtoto akiruhusiwa kwenda nyumbani na asirudi, dawa yote imepotea na utafiti wote umepotea. Kwa hiyo walitenga fedha ya gari na ya watu wa kuwafuata watoto vijijini. Waliandika majina ya wazazi, kijiji, chifu, duka lililo karibu, mti wa kuachia barabara kuu. Tarehe ikipita bila mtoto kuonekana, mtu alitumwa. Aliuliza njiani mpaka akafika, akamtazama mtoto, na akihitajika akarudi naye Kampala. Mfadhili hakuiona kazi hiyo kama sadaka. Iliingia kwenye bajeti pamoja na dawa, maana bila kumfuata mgonjwa hakuna tarakimu ya kuandika kwenye jarida. Leo miradi mingi inajivunia kumsaidia mgonjwa kwa usafiri kana kwamba ni jambo jipya. Mulago walilifanya kabla ya mwaka 1970.

Idi Amin alichukua madaraka Januari 1971. Mwaka 1972 Waasia wakafukuzwa, wageni wengine wakaondoka, na Ziegler naye akarudi kwao. Mwaka huohuo, Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker kule Marekani kwa kazi ya tiba ya saratani kwa dawa, pamoja na Mkameruni Victor Anomah Ngu. Sifa ilipofika, waliosifiwa walikuwa wameshaondoka, na aliyebaki na funguo alikuwa Mganda, Charles Olweny, mmoja wa madaktari wa kwanza wa Kiafrika kusomea saratani hasa. Fedha ya Marekani ikapungua, kisha ikakauka. Olweny alikaa na wagonjwa wake wakati dawa zinakuja kwa bahati, na aliendelea kuandika na kufundisha mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baada yake Edward Katongole-Mbidde aliishika taasisi kwa miaka takriban ishirini, katika vita na baada ya vita, na katika kipindi ambacho UKIMWI ulileta wagonjwa wa Kaposi kwa wingi ambao hakuna aliyeutazamia.

Nayapita haya haraka kwa kuwa wengine wameyaandika vizuri. Ila nasema hivi: nyumba ile haikufungwa. Katika nchi ambayo mengi yalifungwa, wauguzi wa Mulago walikuja kazini. Watu hao hawana picha ukutani.

Mwaka 1995 ndipo Mulago ilipopata mashine ya mionzi, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Ilikuwa ya kobalti. Ndani ya kichwa chake kizito cha risasi mna kipande kidogo cha madini kinachotoa mionzi usiku na mchana, mashine iwe inatumika au imelala. Mgonjwa akilazwa chini yake, tundu linafunguliwa kwa dakika chache, mionzi inapiga mahali palipopimwa, tundu linafungwa. Haihitaji umeme mwingi, na fundi hodari anaweza kuitengeneza. Kwa nchi zetu ilikuwa mashine ya busara.

Lakini kobalti ina tabia ambayo mtu anayekusanya fedha lazima aijue kabla hajachapisha kadi za mchango. Inafifia. Kila mwezi inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu yake, na baada ya miaka mitano na robo hivi inabaki nusu. Mgonjwa aliyekuwa akilala chini ya mashine dakika mbili sasa atalala dakika nne ili apate kiasi kilekile. Foleni inarefuka ingawa idadi ya wagonjwa ni ileile. Kipande kipya kinanunuliwa kwa fedha nyingi na kusafirishwa kwa ulinzi, na cha zamani lazima kirudishwe kilikotoka au kihifadhiwe salama. Zaidi ya hayo, mashine yenyewe lazima ikae ndani ya chumba cha zege chenye kuta nene kuliko urefu wa mkono wa mtu mzima, na bila chumba hicho hakuna mamlaka itakayokuruhusu kuiwasha. Kwa hiyo anayenunua mashine ya kobalti amenunua pia kuta, fundi, mwanafizikia wa hospitali, na deni la kila miaka mitano au saba.

Mashine ile ya 1995 ilifanya kazi kwa miaka 21. Ilihudumia Uganda, na pia Warundi, Wanyarwanda, watu wa Sudan Kusini na wa Kongo ya mashariki. Ilitengenezwa ikaharibika, ikatengenezwa tena. Mwishoni mwa Machi 2016 ikafa kabisa.

Habari hiyo ilipotangazwa Aprili, ulimwengu mzima ukashangaa kwamba nchi ya watu zaidi ya milioni 35 ilikuwa na mashine moja tu. Sisi wa Burundi hatukushangaa kwa sababu ileile; sisi tuliuliza, sasa twende wapi? Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu bure wagonjwa 400, na serikali ya Uganda ikasema itagharamia usafiri wao. Ulikuwa wema mkubwa na lazima uandikwe katika historia hii. Lakini fikiria mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, anayetokwa damu, anaambiwa kwamba tiba ni bure ila iko Nairobi. Atahitaji karatasi za kusafiria, mtu wa kumsindikiza, mahali pa kulala kwa zaidi ya mwezi, na mtu wa kubaki na watoto.

Jambo chungu zaidi ni kwamba mashine mpya ilikuwa imeshatafutwa kabla ya ile ya zamani kufa. Ilitengenezwa Jamhuri ya Czech, kwa bei ya zaidi ya euro 600,000, na sehemu ya fedha hiyo ilitoka kwa shirika lilelile la nguvu za atomiki. Iliyokosekana ilikuwa kuta. Chumba cha zege hakikuwa tayari. Kumbuka neno hilo, wewe msomaji ambaye pengine uko kwenye kamati ya mchango mahali fulani: watu hutoa kwa furaha kwa ajili ya mashine, kwa sababu mashine hupigwa picha na kufungwa utepe. Zege halina mvuto, na pale Mulago zege ndilo lililowafanya wagonjwa wasubiri karibu miaka miwili. Mashine mpya iliwashwa rasmi Januari 2018.

Sitaki kuonekana kama ninailaumu taasisi. Mkurugenzi wake, Jackson Orem, aliyeichukua mwaka 2004, aliwahi kuwa daktari bingwa wa saratani peke yake kwa nchi nzima. Kutoka hali hiyo alijenga. Kwa ushirikiano na kituo cha utafiti cha Fred Hutchinson cha Seattle, na kwa fedha ambazo sehemu yake ilitoka kwa serikali ya Marekani, jengo jipya la matibabu na utafiti lilifunguliwa Mei 2015. Mwaka 2016, uleule wa kufa kwa mashine, Bunge la Uganda lilipitisha sheria iliyoifanya taasisi ijitegemee kwa bajeti na uamuzi wake. Kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ikateuliwa kuwa kituo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha kufundishia tiba ya saratani, wakati Tanzania ikichukua moyo na Kenya ikichukua figo. Baadaye zikaja mashine za kisasa zaidi zinazotengeneza mionzi kwa umeme, zile zinazoitwa LINAC, ambazo hazina madini ya kufifia lakini zinadai umeme usiotetereka na mkataba wa matengenezo usiokatika. Na taasisi imeanza kusogea kwa watu, kwa kujenga kituo Gulu na kupanga vingine mikoani.

Wananchi wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka 2012 klabu za Rotary za Uganda zilianzisha mbio za kila mwaka za kuchangia saratani, zikishirikiana na Centenary Bank. Mbio hizo huanzia uwanja wa Kololo na hufanyika pia katika miji mingine. Mtu ananunua fulana, anakimbia au anatembea, na bei ya fulana inaingia kwenye mfuko. Kwa fedha hiyo walijenga wodi ya saratani katika hospitali ya Mtakatifu Francis, Nsambya, inayomilikiwa na Kanisa Katoliki. Walipomaliza wodi, wakaweka shabaha mpya, nami niliposikia shabaha hiyo nilifurahi kuliko niliposikia habari ya mashine yoyote: walisema sasa wanachangia vyumba vya zege. Somo la 2016 liliingia. Maelfu ya watu wa kawaida walikimbia asubuhi ya Jumapili kwa ajili ya kuta.

Wengine walishughulikia kitanda. Mtoto anayetibiwa saratani hupewa dawa kwa mizunguko, siku chache hospitalini na wiki mbili au tatu nje, kisha anarudi tena. Kwa aliyetoka mbali, hizo wiki za nje ndizo zinazoamua. Akirudi kijijini, nauli ya mzunguko unaofuata haipatikani. Akibaki Kampala, analala wapi? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa barazani na chini ya miti ya Mulago, mama na mwana na sufuria moja. Mashirika madogo kama Bless a Child na Kawempe Home Care yalifungua nyumba za kulala watoto wa saratani pamoja na wazazi wao, wakapewa godoro, chakula na gari la kuwapeleka hospitali. Na kwa wale ambao tiba haiwezi tena kuwaponya, Daktari Anne Merriman alianzisha hospisi Kampala mwaka 1993, akaleta mofini ya maji ya kunywa, dawa ya bei ndogo inayochanganywa hapahapa, ili mtu asife akipiga kelele. Naihesabu chupa ile katika vifaa vya saratani. Haina utepe wa kukata, na imewapa watu usingizi.

Rwanda iliichukua hesabu hii kwa ukamilifu zaidi. Julai 2012 ilifungua kituo cha saratani cha Butaro, kaskazini mwa nchi, kwa ushirikiano na Partners In Health, shirika lililoanzishwa na Paul Farmer na wenzake. Butaro haikuwa na mashine ya mionzi. Ilitegemea mashine ya jirani, kwa hiyo wagonjwa waliohitaji mionzi walipelekwa Mulago mpaka ile ya kobalti ilipokufa, na baada ya hapo Kenya, huku usafiri, chakula na malazi vikilipwa na programu yenyewe. Mwaka 2019 Rwanda iliwasha mashine zake za mionzi katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe, Kigali, na Warundi wengi wameandika jina hilo kwenye karatasi zao. Tanzania nayo ina Ocean Road jijini Dar es Salaam, hospitali ya zama za Wajerumani iliyofanywa taasisi ya saratani kwa sheria ya 1996, iliyopata LINAC zake mwaka 2018, na ina Bugando kule Mwanza, ambayo kwa mtu wa Muyinga ni karibu kuliko Kampala. Ramani imebadilika sana tangu ile ya Burkitt yenye pini. Mwaka 2022 Shirika la Nguvu za Atomiki lilizindua mpango wa Miale ya Matumaini kwa ajili ya nchi zisizo na mionzi, za Afrika kwanza, na Burundi ina haki yote ya kubisha mlango huo.

Siku Burundi itakapopata mashine yake, na ninaomba niione, natamani wanakamati wakae na hesabu moja rahisi mbele yao. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inawaua wanawake wetu kuliko saratani nyingine nyingi, kwa kawaida inatibiwa kwa mionzi ya nje mara 25. Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Kisha inafuata mionzi ya ndani. Kila mara moja mgonjwa analala mezani kwa dakika chache tu. Akikosa siku, seli zilizojeruhiwa zinapata nafasi ya kupona, na kozi iliyokatwa katikati ni nguvu ya mashine iliyotupwa. Mashine yenyewe ikiwa Bujumbura, au hata Gitega, mwanamke wa Mwakiro hawezi kwenda na kurudi mara 25. Atalala huko wiki tano, sita. Kitanda chake, ugali wake na maharage yake, sabuni yake na nauli ya binti aliyemsindikiza ni sehemu ya dozi kama kobalti ilivyo sehemu ya dozi. Fedha hiyo ikiachwa nje ya bajeti, mashine itawatibu wanaoishi karibu nayo.

Nani atatoa fedha ya namna hiyo kila mwezi, isiyo na picha? Jibu moja liko milimani, na ni la zamani kuliko hospitali. Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, mgonjwa alibebwa begani kwa machela ya miti na matete, wanaume wanne mbele na nyuma, wengine wanne wakiwafuata kuwapokea. Kwa kuwa hakuna nyumba iliyojua zamu yake itafika lini, watu wa kilima kimoja waliunda chama. Kila nyumba ilikuwa na daftari la wajibu: kubeba, au kutoa senti, au kulipa faini kwa kutofika. Barabara zilipokuja, vyama havikufa. Vilianza kuweka akiba na kukopeshana, na kununua sanda na kuzika. Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi, wilaya ya Rukungiri, ilipotaka kuanzisha bima ya afya kwa watu wa vijijini, haikuanza na kampuni. Ilikwenda kwa vyama hivyo vya machela, kwa sababu tayari vilikuwa na wanachama, mweka hazina na imani, ikavikatia bima chama kwa chama. Waliokuwa wakimbeba mgonjwa mpaka hospitalini sasa wakawa wanamlipia pia akiwa ndani.

Kule Kigezi chama hicho na machela yake huitwa engozi. Wanyarwanda husema ingobyi. Katika Kirundi, kutoka Mwakiro hadi Gitega, ni ingovyi, na ni jina lilelile la ngozi ambayo mama humbebea mwanawe mgongoni.